Kifaa cha USB hakionekani kwenye Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimechomeka kifaa, kompyuta imenyamaza. Nianzie wapi?

Usianze kwa kutafuta draiva. Hilo ni zoea la Windows. Kwenye Linux, draiva za flashi, kibodi, vipanya, kamera na vifaa vingi vya kawaida huja pamoja na kerneli, yaani kiini cha Linux. Anza kwa kuisikiliza kerneli yenyewe. Kabla hujachomeka chochote, fungua terminali uandike:

```
sudo dmesg -w
```

Sasa chomeka kifaa huku ukitazama skrini. Flashi nzima hutoa mistari inayofanana na hii:

```
usb 1-2: new high-speed USB device number 7 using xhci_hcd
usb 1-2: New USB device found, idVendor=0781, idProduct=5567, bcdDevice= 1.00
usb-storage 1-2:1.0: USB Mass Storage device detected
sd 6:0:0:0: [sdb] Attached SCSI removable disk
```

Mstari wa kwanza unasema tundu limehisi kitu. Wa pili unasema kifaa kimejitambulisha kwa namba zake mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Wa tatu, draiva imekishika. Wa nne, kimepewa jina, hapa ni `sdb`. Tazama mistari yako inakatikia wapi, kisha nenda kwenye swali linalohusu hapo. Watu husema "USB haisomi" kwa magonjwa manne tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Ukimaliza kutazama, bonyeza Ctrl na C.

dmesg haiandiki hata mstari mmoja. Taa ya kifaa lakini inawaka.

Taa kuwaka ni ushahidi wa umeme tu. Waya wa USB 2.0 una nyuzi 4: ya volti 5, ya ardhi, na 2 za data. Nyaya nyingi zinazokuja na taa, spika na mashine za kunyolea zina nyuzi 2 tu za umeme. Simu itachaji vizuri na hakuna faili hata moja litakalopita. Badili waya kwanza, na utumie ule ambao umewahi kuhamisha faili, si ule unaoonekana mpya.

Kisha badili tundu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yamekaa moja kwa moja kwenye bodi mama. Ya mbele hupitia waya wa ndani ambao mara nyingi umelegea, au fundi aliyefungua kasha alisahau kuurudisha. Mulika ndani ya tundu kwa tochi: tafuta pini zilizopinda, vumbi lililoshikana, au kutu ya kijani, ambayo kwa kompyuta zilizokaa karibu na bahari si ajabu. Ukisafisha, zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, tumia brashi laini yenye spiriti kidogo, na usiwashe mpaka pakauke.

Hatua inayorukwa na wengi: jaribu kifaa hicho kwenye kompyuta nyingine. Kikikaa kimya na huko, kifaa au waya ndio mgonjwa, na hakuna amri ya terminali itakayokifufua.

Matundu yote yamekufa kwa pamoja.

Andika `lsusb`. (Ikisema amri haipo, sakinisha kifurushi cha `usbutils`.) Hata bila kuchomeka kitu, unapaswa kuona walau mistari yenye `1d6b:0002` au `1d6b:0003`. Hizo ni habu (vigawanyi vya matundu) za ndani za kompyuta yenyewe, si vifaa vyako. Zikikosekana, ingia kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka) uone kama matundu yamezimwa. Kompyuta zilizotoka maofisini mara nyingine huuzwa zikiwa zimefungwa hivyo.

Zikiwepo lakini hakuna kinachoitika, huenda kidhibiti cha USB kimekwama. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha washa. Kuizima na kuiwasha kwa kawaida hakutoshi kila mara, maana bodi mama huendelea kuwapa matundu umeme hata mashine ikiwa imezimwa.

Huwezi kuzima kwa sasa? Tafuta anwani ya kidhibiti kwa `lspci -D | grep -i usb`, kisha kiachishe na kukirudisha kwa amri moja:

```
sudo sh -c 'echo 0000:00:14.0 > /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/unbind; sleep 3; echo 0000:00:14.0 > /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/bind'
```

Weka anwani yako badala ya `0000:00:14.0`. Usizitenganishe sehemu hizo mbili. Kama kibodi yako nayo ni ya USB, itakufa mara tu baada ya ile ya kwanza, na hutakuwa na cha kuandikia ya pili. Na kama mfumo wenyewe unaendeshwa kutoka diski ya USB, usiiguse amri hii kabisa.

Naona "device descriptor read/64, error -71" ikijirudia. Maana yake nini?

Kifaa na kompyuta vimeanza kuzungumza lakini maneno yanafika yameharibika. Kerneli hujaribu tena, hukata umeme na kuurudisha, mwishowe hukata tamaa kwa kuandika `unable to enumerate USB device`. Namba nyingine utakazokutana nazo ni `-110`, yaani kifaa hakikujibu kwa wakati, na `-32`, yaani kimepokea ombi na kulikataa.

Sababu za `-71` kwa mpangilio wa kuzishuku: waya mbovu au mrefu mno (USB 2.0 usivuke mita 5), habu ya bei chee, umeme hafifu, tundu lililochakaa, na mwisho kifaa chenyewe. Chomoa kila kitu kingine, ondoa habu, tumia waya mfupi. Makosa yakikoma, rudisha kimoja kimoja mpaka umkamate mhalifu.

Kuna ujanja mmoja wa kusaidia kupima. Chomeka kifaa cha USB 3 kwenye tundu la USB 2 (kwa kawaida la buluu ni 3, jeusi ni 2, ingawa watengenezaji hawafuati rangi kila mara). Kikifanya kazi hapo, nyuzi za kasi ndizo zilizoharibika, na unaweza kunakili data yako polepole kabla hujanunua waya mpya.

Diski ya nje inazunguka, inalia "tik tik", inapotea, inarudi.

Njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea 1 kwa muda mfupi. Ukipitisha kwenye habu isiyo na chaja yake, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa vifaa vyote vinagawana umeme wa tundu moja. Katika dmesg tafuta `over-current condition` au `insufficient available bus power`.

Dawa ni habu yenye chaja yake yenyewe, au kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la USB 3. Acha haraka: mlio wa kugonga unaoendelea hata umeme ukitosha ni wa diski inayokufa, na kila ukiiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa data.

Wenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) wasikilize hapa. Pi 4 hugawa ampea 1.2 kwa matundu yake yote 4 kwa jumla. Pi 5 ikipewa chaja ya ampea 3 hubana matundu yote kuwa miliampea 600 kwa jumla. Ikipewa ya ampea 5 hufungua hadi ampea 1.6. Chaja ya simu haitoshi kuendesha bodi na diski pamoja.

lsusb inakionyesha kifaa, lakini hakifanyi kazi.

Sasa ndipo swali la draiva linapokuja. Andika `lsusb -t` na utazame neno `Driver=` kwenye mstari wa kifaa. Ikiwa tupu, au imeandikwa `[none]`, hakuna draiva iliyokishika. Chunguza mambo matatu.

La kwanza, umesasisha kerneli bila kuwasha upya? Linganisha `uname -r` na orodha ya `ls /lib/modules`. Kama toleo linaloendesha sasa halimo kwenye orodha, kerneli haiwezi kupakia moduli mpya, yaani vipande vyake vya draiva, kwa sababu faili zake zimekwisha futwa. Watumiaji wa Arch (aina mojawapo ya Linux) hukutana na hili mara kwa mara: jana flashi ilisoma, leo baada ya kusasisha haisomi. Washa upya tu.

La pili, moduli imezuiwa. Kwenye kompyuta za ofisi na maabara za shule ni kawaida kufunga flashi kwa makusudi:

```
grep -r usb /etc/modprobe.d /usr/lib/modprobe.d
```

Mstari wa `blacklist usb-storage` au `install usb-storage /bin/true` ndio kufuli. Kama mashine si yako, muulize anayeisimamia kabla ya kuufuta. Kufuli nyingine ni USBGuard, ambayo huacha maneno `Device is not authorized for usage`. Orodhesha kwa `sudo usbguard list-devices`, kisha ruhusu kwa namba iliyo mwanzoni mwa mstari, mfano `sudo usbguard allow-device 12`.

La tatu, faili la fimuwea (programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) halipo. Utaona `Direct firmware load for ... failed with error -2`. Kwenye Debian 12 na kuendelea, ongeza sehemu ya `non-free-firmware` kwenye vyanzo vya apt, kisha sakinisha kifurushi husika, mfano `firmware-realtek`.

Modemu yangu inaonekana kama CD, intaneti hakuna.

Modemu nyingi za laini ya simu, zile zilizotapakaa Afrika Mashariki kabla ya simu janja kuzoeleka kugawa intaneti, zina sura mbili. Zikichomekwa hujifanya CD yenye programu ya Windows. Zikipokea ujumbe maalumu hubadilika kuwa modemu. Kwenye Linux kazi ya kutuma ujumbe huo ni ya `usb_modeswitch`:

```
sudo apt install usb-modeswitch usb-modeswitch-data modemmanager
```

Chomoa modemu, subiri sekunde 10, chomeka, subiri nusu dakika. Angalia `lsusb`: namba ya pili ya kitambulisho inatakiwa kuwa imebadilika. Modemu ya Huawei iliyobaki kwenye `12d1:1446` bado iko kwenye sura ya CD. Isukume kwa mkono:

```
sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J
```

Ikigeuka utaona `ttyUSB0` na wenzake kwenye dmesg, na `mmcli -L` itaitaja. Kama bado haiunganishi, kagua namba ya siri ya laini na jina la APN (njia ya intaneti ya mtandao wako wa simu). Aina nyingine za Huawei, zikiwemo zinazogeuka kutoka `12d1:1f01` kuwa `12d1:14dc`, hazijionyeshi kama modemu kabisa bali kama kadi ya mtandao. Hizo fungua kwenye kivinjari kwa anwani `192.168.8.1`, na usihangaike na mmcli.

Vidude vya Wi-Fi vyenye chipu ya Realtek hufanya mchezo uleule: `0bda:1a2b` ni sura ya CD. Iondoe kwa `sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`. Kwa chipu za 8821CU, 8822BU na 8822CU, kerneli ya 6.2 na kuendelea ina draiva tayari. Mwongozo wowote unaokutaka ukusanye draiva kutoka msimbo kwa chipu hizo umepitwa na wakati, isipokuwa kama kerneli yako ni ya zamani.

Bodi ya Arduino au ESP32 inatokea kisha inapotea papo hapo.

Kama ni Ubuntu 22.04 na bodi ina chipu ya CH340 (`1a86:7523`), mshukiwa ni `brltty`, programu ya mashine za nukta nundu. Baadhi ya mashine hizo hutumia namba ileile, basi brltty huinyakua bodi ikidhani ni yake. dmesg husema wazi: `interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1`.

Kama hakuna asiyeona anayetumia kompyuta hiyo, `sudo apt remove brltty` inamaliza. Kama yupo, usimnyang'anye macho yake. Nakili `/usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules` kwenda `/etc/udev/rules.d/`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari wenye `1a86/7523`, andika `sudo udevadm control --reload`, kisha chomoa na kuchomeka.

Bodi inaonekana kama /dev/ttyUSB0 lakini naambiwa "Permission denied".

Kifaa ni kizima. Wewe ndiye huna ruhusa. Jiunge na kundi lake:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
```

Kwenye Arch kundi linaitwa `uucp`. Usisahau herufi `a`: bila hiyo unaondolewa kwenye makundi mengine yote ya ziada, likiwemo la sudo, na hapo utakuwa umejifungia nje. Toka kwenye akaunti uingie tena. Kufunga terminali na kuifungua upya hakutoshi. Na tafadhali usizoee `chmod 777`, kwani ukichomoa tu, ruhusa hiyo inapotea.

Flashi inaonekana kwenye lsblk, lakini haifunguki.

USB imemaliza kazi yake. Linalobaki ni mfumo wa faili. Andika `lsblk -f` usome safu ya FSTYPE.

Ikiwa ni `exfat`, kerneli ya 5.7 (mwaka 2020) na zilizofuata huisoma zenyewe. Kwa za zamani zaidi sakinisha `exfat-fuse`.

Ikiwa ni `ntfs` na dmesg inasema `volume is dirty`, diski ilichomolewa Windows bila kuagwa, au Windows ililala badala ya kuzimika. Irudishe Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi, endesha `chkdsk E: /f` kwa herufi ya diski yako, na uzime ile huduma ya kuwaka haraka. Huna Windows? `sudo ntfsfix -d /dev/sdb1` huondoa alama ya uchafu, lakini haikarabati chochote cha maana. Nakili kwanza vitu vyako muhimu.

Ikiwa safu ni tupu, jedwali la patisheni limeharibika au flashi haijawahi kufomatiwa. Usikubali kufomati kama kuna data unayoitaka. Endesha `testdisk` kwanza.

Ikiwa ukubwa ni `0B`, kidhibiti cha flashi kinaishi lakini hakiifikii kumbukumbu. Kabla ya kuitangaza marehemu, jiulize kama uliitoa kwa `eject` na hukuichomoa: nayo huonyesha hivyohivyo. Ichomoe, ichomeke. Ikibaki `0B`, imekwisha. (Kwa kisoma kadi, `0B` ni hali ya kawaida tu ya kutokuwa na kadi ndani.)

Na flashi ya "TB 2" ya bei ya soda? Inaonekana vizuri, inapokea faili, kisha faili zinafunguka zikiwa takataka. Ipime kwa `f3write` na `f3read` kutoka kifurushi cha `f3`. Hizo hazifuti faili zilizopo, tofauti na `f3probe --destructive`.

Diski ya USB 3 inaganda katikati ya kunakili.

Tafuta `uas_eh_abort_handler` kwenye dmesg. Baadhi ya chipu za makasha ya diski hutangaza kwamba zinaelewa UAS, njia ya kasi zaidi, halafu huikosea. Ilazimishe irudi njia ya zamani kwa kuandika kwenye faili `/etc/modprobe.d/uas.conf`, ukitumia namba zako kutoka lsusb:

```
options usb-storage quirks=152d:0578:u
```

Kisha `sudo update-initramfs -u` (Fedora: `sudo dracut -f`) na uwashe upya. Kasi itashuka kiasi, lakini kunakili kutafika mwisho.

Kipanya kinalala kila nikikiacha kidogo.

Kerneli hulaza vifaa vinavyoruhusu hivyo baada ya sekunde 2. Amri ya muda, kwa njia inayoonekana kwenye dmesg (hapa `1-2`):

```
echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control
```

Ya kudumu kwa vifaa vyote ni kuongeza `usbcore.autosuspend=-1` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`. Kwa laptopu hili hula betri. Kama unatumia TLP (programu ya kubana matumizi ya betri), ni afadhali uweke namba za kipanya hicho peke yake kwenye `USB_DENYLIST` ndani ya `/etc/tlp.conf`.

Simu inachaji lakini faili sizioni.

Fungua simu, shusha pazia la arifa, gusa ile inayohusu USB, chagua kuhamisha faili. Android huanza na kuchaji tu, na simu iliyofungwa kwa nenosiri haitoi kitu. Kwa GNOME hakikisha `gvfs-backends` ipo. iPhone inahitaji `usbmuxd`, na lazima ukubali kuiamini kompyuta kwenye skrini ya simu.

Ninatumia Linux ndani ya Windows au ndani ya VirtualBox.

WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) haioni USB yenyewe. Sakinisha `usbipd-win` upande wa Windows, kisha `usbipd list`, `usbipd bind --busid 2-3` kama msimamizi, na `usbipd attach --wsl --busid 2-3`. Kama VirtualBox inaendeshwa juu ya Linux, jiongeze kwenye kundi la `vboxusers`, toka uingie tena, ndipo orodha ya vifaa itajaa.

Nimekwama. Nikiomba msaada nitume nini?

Toleo la Linux na `uname -r`. Matokeo ya `lsusb` na `lsusb -t`. Na dmesg kuanzia sekunde uliyochomeka hadi ilipotulia, kama maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Sema pia kama kifaa kilifanya kazi kwenye kompyuta nyingine na kwa waya upi. Kabla ya kutuma, futa mstari wa `SerialNumber:` kwenye dmesg. Kwa simu na diski, namba hiyo ni ya kifaa chako peke yake.